Nduma, Nanasi na Golikipa Nisiyemjua

Wasee, leo nimeaibika. Si aibu ya suruali kupasuka, hiyo ningefunga sweta kiunoni maisha yaendelee. Nimeaibika mchana peupe, mbele ya watu zaidi ya mia, nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda na maiki mkononi. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa video. (Kuna video.)

Leo huku kwetu Witeithie, karibu na Thika, tulikuwa na refarenda, kura ya maoni. Tulieni, si ya nchi. Ya mpira. Tuko na timu ya mtaa, Kona Mbaya Stars, na kuna jamaa wa Ruiru anaitaka. Anauza simiti na mabati, kwa hivyo sisi humwita Bwana Simiti. Uchaguzi ukija anataka kiti cha MCA, udiwani wa kaunti. Hajachaguliwa popote, lakini gari lake tayari limeandikwa "Mheshimiwa" kwa kioo cha nyuma. Ofa yake ni hii: atanunulia vijana jezi, viatu na basi dogo, na sisi tumpe timu nzima. Ahamie nayo Ruiru, mazoezi yawe huko kila jioni, ibadilishwe jina iitwe jina lake, na uso wake ukae kifuani kwa jezi.

Wanachama wakasema sawa, tuulize wananchi. Alama za ndizi na chungwa zilishatumiwa na wakubwa kitambo, kwa ile refarenda ya katiba, kwa hivyo tukatafuta zetu. Ndiyo ni nanasi. Hapana ni nduma, ile ya kuchemsha ule na chai. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unasimama nyuma ya nanasi ama nyuma ya nduma, mnahesabiwa, mnaenda nyumbani.

Na mwenyekiti wa kambi ya Nduma alikuwa nani? Mimi hapa, Baba Shiko.

Mnaweza kuuliza ni kwa nini mimi. Ni kwa sababu kutoka Thika mpaka Ruiru hakuna mtu anaongea juu ya wenye timu za mpira kunishinda. Nafanya kazi kwa kiwanda cha juisi pale Industrial Area, na saa ya lunch watu hula wakisikiza dhambi za wale matajiri wanaomiliki timu yangu ya Uingereza. (Siitaji jina. Wengi wenu mko nayo na mnaumia.) Msimu huu wote nimegoma kununua jezi mpya mpaka wauze timu waende kwao. (Nilikuwa nanunua ya mtumba, lakini msimamo ni msimamo.)

Wiki jana kinyozi wangu Muriuki, ambaye pia ndiye katibu wa Kona Mbaya Stars, aliniuliza swali akininyoa.

"Baba Shiko, ile ya Uingereza unataka iuzwe. Hii ya hapa hutaki iuzwe. Wewe uko wapi haswa?"

"Mimi niko kwa wananchi."

Akanigeuza kichwa akaendelea kunyoa.

Sasa leo asubuhi tumetoka kanisani, tunakunywa chai, mke wangu Nekesa akaniangalia nikiandika hotuba nyuma ya bahasha.

"Hiyo timu unaipigania hivyo," akasema, "umewahi kuiona ikicheza?"

"Mama Shiko, kwani Mungu umemwona? Na si unamtetea kila Jumapili?"

Akacheka kwa pua. Ukweli ni kwamba sijawahi. Wanacheza Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana mimi niko mbele ya televisheni nikiteseka na Waingereza. Uanachama wangu niliupata kwa kinyozi. Nilikuwa nangoja foleni, Muriuki akanipa daftari, nikaandika jina. Tangu siku hiyo sijaona hata mpira mmoja ukipigwa.

Pale mezani pia alikuwa shemeji yangu Wafula, kakake Nekesa. Alikuja kutoka Bungoma mwaka jana kutafuta kazi, akapata kwa kiwanda cha nguo Thika, na tunakaa naye. Ana miaka thelathini na tatu, kipara kimeanza, na maneno yake yote ya wiki unaweza kuyahesabu kwa vidole. Jumamosi huondoka na begi hurudi jioni amechoka. Mimi niliamua ni mazoezi ya kwaya. Sikumuuliza, niliamua tu.

Na ana glavu zake nene, huziosha Jumapili anazianika kwa kamba. Nilijua ni za kazi. Wueh, lakini hizo glavu ni nzuri! Unaepua sufuria ya githeri na husikii moto hata kidogo. Nikipika chapati Ijumaa (chapati zangu zinajulikana) hizo ndizo hushikia kikaango. Wafula hajawahi kulalamika. Mimi huwaambia majirani nimebarikiwa shemeji wa heshima.

"Wafula," nikamwambia nikimaliza chai, "twende unishikie nduma."

"Sawa, shemeji."

Tukafika uwanjani saa nane. Si tuliingia tu na watu wakaanza kupiga kelele! "Ukuta! Ukuta! Ukuta!" Wengine wanapiga makofi, wengine wanapiga mluzi. Aki nilishtuka. Nikafikiria kidogo nikaelewa: Bwana Simiti anasukuma, mimi nimesimama imara, basi watu wamenipa jina. Ukuta. Nikainua mkono nikawapungia polepole, vile wakubwa hupunga. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na steji ya matatu alikuja mbio amenyoosha mkono, akanipita, akamsalimia Wafula. Nikasema moyoni, hawa watu wana adabu, hata mgeni wangu wanamjali.

Bwana Simiti ndiye alianza. "Watu wangu wa Witeithie! Hata mimi nilicheza mpira peku kama nyinyi! Mpira wa karatasi!" Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka vinaumiza macho, lakini watu walipiga makofi. Akasema basi liko tayari. Akasema jezi ziko kwa gari. Nikaona watu wanaangalia gari, nikajua kazi iko.

Nikapanda kreti.

"Timu ni ya nani?" nikauliza.

"Yetu!"

"Ni ya mama mboga! Ni ya mtu wa boda! Ni ya yule anatoka shifti ya usiku na bado anakuja kushangilia!" (Mimi hutoka shifti ya mchana na siji.) "Huyu ametoka Ruiru kutuletea nanasi. Nanasi! Kwani nanasi ni la Ruiru? Nanasi ni letu, la Thika! Ametuletea kitu chetu anatuambia ni zawadi!"

Wasee, watu waliruka. Ningekomea hapo, saa hii mngekuwa mnanipongeza. Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu haukuwa na breki.

"Tulifungwa na Juja kwa fainali, sawa!" nikaendelea. Hiyo habari nilikuwa nimeipata kwa kinyozi. "Hatukufungwa kwa sababu ya jezi mbaya. Tulifungwa kwa sababu golikipa wetu alikuwa na siagi mikononi, mpira unateleza! Lakini hata hiyo siagi ni yetu! Hatuuzi!"

Watu wakawa wanaangalia chini, pale kando ya kreti yangu. Nikaona hotuba imewaingia. Nikamgeukia Bwana Simiti na kidole.

"Na wewe, kama kweli unaipenda hii timu, taja golikipa wetu. Jina tu!"

Bwana Simiti hata hakufikiria. "Ukuta," akasema.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Ukuta ni mimi!"

Watu wakaanza kuangaliana.

Bwana Simiti akauliza pole pole, kwa maiki yake, "Wewe ndiye golikipa?"

"Sijasema golikipa. Si hawa watu wamenishangilia nikiingia?" (Ndio, nilisema hivyo. Na spika zilikuwa za kukodisha, nzuri kabisa.)

Yule mama wa mboga ndiye alinihurumia. "Baba Shiko, woiye! Ukuta ni huyo amekushikia nduma!"

Nikaangalia chini. Wafula alikuwa pale na koti lake la kanisa, nduma ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, vile golikipa hukumbatia mpira. Ndio sasa nikaona ile mikono. Ngai! Mikono mikubwa hivyo imekuwa ikinipitishia chumvi mezani mwaka mzima.

"Wafula," nikasema, na nikasahau maiki iko wazi, "wewe ni golikipa?"

"Ndio, shemeji."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole, na maiki ikashika kila neno: "Na ile siku ya Juja haikuwa siagi. Ilikuwa mafuta ya chapati. Ulikuwa umepika Ijumaa, mimi nikachukua glavu asubuhi na haraka."

Sijui niwaelezeje kicheko kilichofuata. Mtu mmoja alilala chini kabisa na suti. Bwana Simiti alishikilia mlango wa gari asianguke. Muriuki alijifunika uso na daftari, kisha akatoa jicho moja akasema, "Nyani haoni kundule." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Witeithie wakati huu wa jua ni ngumu.

Hapo ningecheka na wengine. Shida ni kwamba watu walianza kuhama. Mmoja akatoka nyuma ya nduma akaenda nyuma ya nanasi. Wawili wakamfuata. "Kama kiongozi wao ndiye huyu," mzee mmoja akasema akipita mbele yangu, "afadhali basi." Mstari wetu ukawa unaisha nikiangalia.

Na hapo nilishikwa na uchungu wa kweli, sitawadanganya. Aibu ilikuwa yangu, lakini timu ilikuwa ya Wafula. Yeye hutoka kiwandani saa kumi na moja jioni. Mazoezi ya Ruiru yangeanza bila yeye kila siku, na golikipa wa miaka thelathini na tatu hakuna timu nyingine inamngoja. Huyu mtu anakula kwangu, analala kwangu, anaitwa shemeji ya fulani. Jumamosi ndiyo siku pekee anaitwa jina lake. Na mimi, mtetezi wa wananchi, nilikuwa namnyang'anya na mdomo wangu.

Nikajaribu kuongea tena. Muriuki akanipokonya maiki. "Wewe pumzika kidogo," akasema.

Wafula akaweka nduma chini, akajipangusa mikono kwa koti, akachukua hiyo maiki.

"Mimi si mtu wa maneno," akasema. "Shemeji yangu hajui kitu juu ya hii timu. Mmesikia wenyewe. Lakini jirani akiongea vibaya, nyinyi hamuuzi nyumba yenu. Ruiru sitaweza kufika, nitakuwa kazini. Mimi nasimama hapa."

Akarudisha maiki akasimama nyuma ya nduma, peke yake, mikono nyuma. Nekesa, aliyekuwa pembeni na kina mama, akaja akasimama nyuma ya ndugu yake. Kisha kapteni. Kisha wachezaji wote, mmoja mmoja. Kisha mama mboga, na hata yule mzee wa basi akarudi akinung'unika. Nikaenda kujipanga katikati.

"Wewe mwisho kabisa," Muriuki akaniambia. Nikaenda mwisho.

Nduma ikashinda kwa kura tatu. Mimi nazihesabu hivi: Wafula, Nekesa, na mimi. Nyinyi hesabuni mnavyotaka. Bwana Simiti aliondoka na jezi zake, na hata lile nanasi alirudi nalo.

Nilifikiri imeisha. Lakini Muriuki akauliza kama kuna lingine, na mama mboga akainua mkono. Akapendekeza kwamba Baba Shiko awe uwanjani kila Jumamosi, alete maji, na glavu za Ukuta azioshe yeye mwenyewe, kwa sabuni yake. Hiyo haikuhitaji mstari. Ilipita kwa kelele. Nikaomba nianze wiki ya pili, kwa sababu Jumamosi hii timu yangu ya Uingereza ina mechi kubwa. Walikataa, na wengine walikataa mara mbili.

Tumerudi nyumbani saa hii. Nekesa amechemsha ile nduma ya kampeni, haikuwa na kazi nyingine.

"Baba Shiko, epua," akaniambia.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa kamba, pale glavu zimeanikwa. Wafula akakohoa. Mara moja tu.

Nikaurudisha mkono. Nikaangalia huku na huku, nikachukua skafu ya timu yangu ya Uingereza ukutani, nikaikunja mara nne, nikaepua nayo. Imeungua kidogo pembeni, pale kwenye nembo, lakini nduma imetoka salama na tunakula na chai.

Kucheka mnaruhusiwa, sikatai. Lakini kabla hujacheka, taja golikipa wa timu ya mtaa wako. Jina tu.