Mfungwa wa Ziada

Jumatatu, 6 Mei

Mwenyekiti wetu amejiuzulu! Magoti. Anasema ngazi za gereza zimemshinda. Maskini. Nimempa pole kwa sauti nzito, kisha nimetoka nje nikatabasamu peke yangu.

Uchaguzi ni Jumamosi. Kiti ni changu. Cha nani mwingine? Mimi ni karani mstaafu wa posta, nimezoea mihuri na watu wasumbufu. Kamati yetu ni ya raia, hatuajiriwi na gereza wala hatulipwi. Tunaingia saa yoyote, selo yoyote, tunamuuliza mfungwa yeyote anakula nini, analala wapi, nani kampiga. Kisha tunaandika tulichokiona. Kazi ya heshima kubwa, ingawa majirani wakiniona natoka gerezani kila wiki wananipa pole.

Kikwazo ni kimoja tu: Bi Nesi. Muuguzi mstaafu, mwanakamati mwenzangu. Anaongea kidogo, anasikiliza sana, na viatu vyake havitoi sauti. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Mke wangu anasema Bi Nesi angefaa sana kuwa mwenyekiti. Mke wangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji naye akadakia. Huyu ni mdogo wake mke wangu, alikuja kututembelea wiki moja mwaka juzi na hadi leo hajashuka kwenye kochi letu. Eti na yeye angempigia kura Bi Nesi. Nikamkumbusha kwamba hana kura. Hata kochi hana.

Jumanne, 7 Mei

Zamu yangu ya ukaguzi. Ghorofa ya juu. Joto.

Mzee Filimbi akaniita. Wafungwa wamempa jina hilo kwa sababu ana pumu, kifua chake hupiga mluzi kabla yeye hajafungua mdomo. Malalamiko yake: kengele ya selo haifanyi kazi. Jambo zito, nakubali. Mlango ukishafungwa, mgonjwa hana ndugu ila kitufe cha ukutani. Akibonyeza, taa inawaka nje juu ya mlango na askari anakuja. Dawa ya Mzee ya kuvuta inatunzwa zahanati, chini kabisa. Askari asipokuja, dawa nayo haiji.

Sikuchelewa. Nikabonyeza mwenyewe, nikachungulia nje. Taa ikawaka! Nyekundu, inapendeza. Nikaandika: kengele ni nzima. Mzee akaniomba nisubiri kidogo nione. Nione nini tena? Nimeshaona taa. Akaniuliza kama nimemwona askari. Nikamwambia askari wa nini na mimi nimesimama hapa? Akanitazama, akaguna, akajilaza. Wazee wengine hata uwafanyie nini hawaridhiki.

Wakati natoka nikaambiwa Bi Nesi huwa anakaa na wafungwa hadi anafukuzwa na harufu ya maharage. Kumbe ndiyo siri yake! Kukaa! Basi na mimi nahitaji kitu kikubwa kuliko kukaa. Nimewaza njia nzima, nimeipita nyumba yangu bila kuiona.

Jumatano, 8 Mei

Nimekipata.

Nitafungiwa. Saa moja tu, kesho mchana, ndani ya selo tupu iliyo jirani na ya Mzee Filimbi. Mlango kufuli, shati la wafungwa, kila kitu. Jumamosi nitasimama mbele ya kamati na kusoma taarifa itakayowatoa machozi: Niliyoyaona Nikiwa Ndani. Bi Nesi amekaa na wafungwa, sawa. Amekuwa mfungwa? Thubutu!

Sajenti wa ghorofa ya juu amekubali. Alikuna kichwa kwanza. Alisema tangu aanze kazi hii watu wanamlilia awafungulie, hajawahi kuombwa kufunga. Akataka kujua kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia ninayo, ila hayahusiani. Tumepatana iwe siri yetu wawili. Mkuu wa Gereza asijue, kamati isijue, Bi Nesi asinuse hata kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mke wangu ameniuliza mbona naimba bafuni.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa wenyewe siuoni.

Niliacha koti, beji na simu kwa Sajenti. Nikavaa shati la jela. Linabana kwapani. Akanifungia, akaahidi kurudi baada ya saa moja. Nikajilaza, nikaanza kuhisi mateso. Yalikuja taratibu. Nikasinzia.

Nilichokuja kujua baadaye: Sajenti aliitwa ghafla kumsindikiza mahabusu mahakamani. Aliondoka mbio. Koti langu akalifungia kabatini. Na mimi akaniacha nilipo.

Halafu ikaja hesabu ya mchana. Kila siku kabla ya chakula askari wanachungulia selo moja moja na kuhesabu vichwa. Idadi isipokuwa sawa, hakuna mlango unaofunguliwa wala sufuria inayofunuliwa, hadi iwe sawa. Haya yote nayajua, niliwahi hata kuyasifu kwenye taarifa. Nilichosahau ni kwamba na mimi nina kichwa.

Askari mgeni alichungulia. Nikageukia ukutani nikajifanya nimelala, ili mambo yawe ya kweli. Akaenda. Akarudi. Akahesabu upya. Nikasikia watu wakibishana kwenye korido. Mmoja anasema mfungwa akipungua tunajua la kufanya, tunapuliza filimbi na kufunga lango, lakini akiongezeka je? Mwingine akasema labda mmoja kahesabiwa mara mbili akitembea. Wa tatu akauliza kama kuna mtu anaweza kuvunja gereza na kuingia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wakaamua kuanza tena kutoka jengo la kwanza, na ghorofa yetu ikabaki bila askari hata mmoja.

Ningeweza kuita. Nilifikiria. Lakini nitokeje mbele ya watu na shati lile, siku mbili kabla ya uchaguzi? Nikasema Sajenti atarudi. Chini, wafungwa walianza kupiga kelele kwamba maharage yanaungua. Joto likazidi. Kofia ya kiongozi si nyepesi, nikajiambia, nikabonyeza kitufe angalau nipate maji kimyakimya.

Taa ikawaka. Niliona wekundu wake kwenye kitundu cha mlango. Nikasubiri. Hakuna aliyekuja. Nikabonyeza tena. Hakuna. Mzee Filimbi akaniita kupitia kitundu cha hewa. Akaniambia mwanangu, hiyo taa inaonwa na mijusi tu. Meza ya askari ilihamishiwa ghorofa ya chini tangu feni ya huku ilipokufa, na kengele yenyewe haikuhama na meza. Hakujua anaongea na nani. Aliniuliza kama ni mgeni humu na nimefanya kosa gani. Nikasema ni habari ndefu.

Kisha akaanza kukohoa. Mluzi ukapanda. Ukawa mwembamba. Akaniomba nibonyeze mimi, yeye mkono umekufa ganzi. Nilikuwa nabonyeza! Kidole kiliniuma kwa kubonyeza!

Sasa naandika ukweli kwa sababu shajara hii ina kufuli: nilingoja. Si sana. Nilikuwa najipangia maneno ya kumwambia Mkuu wa Gereza. Halafu mluzi ukakatika. Kimya kilichofuata sikipendi mpaka sasa ninavyoandika.

Nikavua kiatu nikaugonga mlango. Niligonga kama mwendawazimu, nikapiga kelele mtu anakufa huku. Selo ya pili ikajibu, ya tatu ikajibu, ghorofa nzima ikagonga vikombe na viatu. Askari wakapanda mbio, wakafungua kwangu kwanza. Mkubwa wao akanishika shati akadai namba yangu na kosa langu. Nikasema mimi ni mwanakamati. Akasema hata wa selo ile pale anasema ni daktari. Nikampigia kelele mimi baadaye, jirani kwanza! Jirani kwanza!

Bi Nesi ndiye aliyeingia kwa Mzee. Kumbe alikuwa zahanati kwa ukaguzi wake, akapanda ngazi zote zile na dawa mkononi. Akamketisha, akamvutisha. Baada ya muda mluzi ukarudi. Sijawahi kufurahia sauti mbaya kiasi hicho. Nikalia, tena mbele ya askari.

Bi Nesi akatoka, akaniona na shati la jela na kiatu kimoja mkononi. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya.

Mzee kapelekwa hospitali. Mimi sikupelekwa popote. Sina beji, sina koti, Sajenti bado yuko mahakamani na ufunguo wa kabati, askari wa lango aliyeniingiza amemaliza zamu. Bi Nesi alishaondoka na gari la wagonjwa. Mkuu wa Gereza, anayenijua kwa sahihi tu, alisema hawezi kumwachia mtu mwenye shati la jela kwa maneno matupu, ikabidi familia iitwe initambue. Shemeji akanitazama muda mrefu, mbele, ubavuni, akasema sura si ngeni kwake ila kuapa hawezi. Mke wangu akamsukuma pembeni akasema huyu ni wangu, na kama wanataka kubaki naye waseme mapema.

Ijumaa, 10 Mei

Sijatoka nje. Shemeji ananiita Mahabusu. Asubuhi alinihesabu. Akasema idadi iko sawa.

Nimewapigia simu wanakamati wote kuwaeleza kwamba ulikuwa ukaguzi wa siri. Wa kwanza alisikia nimekamatwa nikiiba maharage. Wa pili alisikia nimetoroka, akanishauri nijisalimishe. Wa tatu akanipa pole ya msiba. Nikamwuliza msiba wa nani. Akasema wangu.

Nimempigia Bi Nesi mwisho. Nilikuwa na hotuba. Sikuisema. Niliuliza tu hali ya Mzee. Akasema amelala vizuri, Jumatatu atarudishwa selo yake ileile. Kisha akaniuliza kama ni kweli kengele haikuita. Nikasema kweli. Akasema Jumanne niliandika ni nzima. Nikasema taa iliwaka. Akaniaga. Kesho atanimaliza.

Jumamosi, 11 Mei

Sielewi kitu! Mimi ni mwenyekiti!

Nilikwenda nimevaa suti, tayari kuaibika kwa heshima. Bi Nesi akasimama. Nikashika kiti. Akasema sote tumezoea kuandika kuhusu kengele, lakini katika kamati hii ni mmoja tu aliyewahi kuibonyeza akiwa hana namna ya kutoka. Amesikia mwenzake akikosa pumzi nyuma ya ukuta wake. Huyo, akasema, hatasahau. Akanipendekeza mimi. Mikono yote ikapanda. Wa msiba alipandisha miwili.

Nilitafuta mtego kwenye uso wake, sikuuona. Akaongeza ombi moja. Jumatatu, Mzee akirudi, nipande mwenyewe, nikae ndani ya selo yake, nibonyeze na nisubiri mpaka sura ya askari itokee mlangoni. Isipotokea nisitie sahihi, na Mzee asilale humo. Nikaapa mbele ya wote. Nilimaanisha.

Nyumbani mke wangu alinipongeza. Ametumia neno hongera. Shemeji aliinuka kwenye kochi, akanipa mkono, akakaa tena.

Jumatatu, 13 Mei

Siku yangu ya kwanza rasmi! Asubuhi na mapema simu ya Mkuu wa Gereza mwenyewe. Ameniita Mheshimiwa. Mheshimiwa! Nikawasha spika ili Shemeji asikie.

Habari njema: kengele zote za ghorofa ya juu zimetengenezwa. Mkuu ameambiwa na msaidizi wake, ambaye ameambiwa na fundi. Hakuna haja ya Mheshimiwa kuhangaika na ngazi. Badala yake nipite ofisini, mpiga picha yupo, picha za wenyeviti zinatundikwa lango kuu.

Nilikumbuka ahadi, mimi si mtu wa hovyo. Nikamuuliza Mkuu ana uhakika? Akasema kwani Mheshimiwa ananionaje? Nikaona aibu. Uongozi ni kuaminiana. Na kupanda ngazi zile na suti nyepesi, halafu nipigwe picha nimelowa jasho! Bi Nesi mwenyewe asingependa.

Nimepigwa picha tatu. Ya kidevu juu ndiyo bora. Chai ilikuwa na maziwa, viti vina mito. Mzee Filimbi amesharudi, naambiwa, yupo kwake tangu asubuhi na mlango umefungwa salama. Nimefurahi. Nimetia sahihi: kengele zimekaguliwa na mwenyekiti, ni nzima.

Nilipokuwa namalizia chai nikasikia juu kule mtu anagonga, gonga gonga, bila kupumzika. Kisha wengine wakamfuata. Nikauliza ni nini. Mkuu akainua kichwa, akasema mafundi hao. Nimefurahishwa sana na mafundi wa hapa, chakula cha mchana hakijafika na wanafanya kazi kwa nguvu namna ile. Nimeagiza waandikiwe barua ya pongezi.