Kiti Changu Kwenye Basi la Jiometri

Jumatatu, 7 Aprili

Theluji bado ipo. Barua imefika! Bi. Pruitt, mshauri wa wanafunzi, ameiweka kando ya sahani yangu wakati wa chakula cha mchana, juu kabisa ya mchuzi wa nyanya uliomwagika. Inasomeka.

Inasema hivi. Mwanafunzi wa darasa la saba anayeona Aljebra ya darasa la nane itamchosha anaruhusiwa kufanya mtihani Alhamisi ya wiki ijayo. Akipata maswali thelathini na manne kati ya arobaini, anairuka Aljebra na kuingia moja kwa moja Jiometri. Jiometri inafundishwa shule ya sekondari, juu ya kilima. Basi dogo huwapeleka warukaji kila asubuhi na kuwarudisha saa tatu.

Mwaka huu basi hilo lina wanafunzi watatu. Nimewaona wakishuka. Wanacheka! Wanacheka kuhusu hesabu! Mimi darasani kwangu mara ya mwisho kusemeshwa ilikuwa Februari. Kijana mmoja aliniuliza kama kiti cha karibu yangu kina mwenyewe. Nikasema hakina. Akakichukua.

Lazima nipate nafasi kwenye basi lile.

Kalia Vang naye amepata barua. Bila shaka. Kalia hupata kila kitu, halafu hukisahau ndani ya kabati lake la shule.

Jumatano, 9 Aprili

Mwalimu Eklund wa hesabu ametuita mimi na Kalia. Ametupa kitabu cha Aljebra. Kipo kimoja tu cha ziada, tupokezane. Nianze mimi. Akanisihi nikipitie chote, hasa sura ya tano. Nikaitikia kwa heshima. Amefundisha miaka ishirini na sita, maskini, na bado hajaona jambo lililo wazi.

Jambo lenyewe ni hili. Ninakwenda Jiometri. Basi nisome Jiometri! Aljebra ndiyo ninayoiruka. Nani anasoma kitu anachokiruka? Mtu akitaka kuruka dimbwi la theluji iliyoyeyuka haogelei kwanza humo.

Nimeazima kitabu cha Jiometri cha dada yangu Britta, ambaye ana miaka kumi na sita na hajawahi kukifungua kwa hiari yake. Nilipomweleza mpango wangu alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Chukua tu, dogo. Na mazoezi yangu ya Jumatatu yamo humo humo, nisaidie kidogo." Ameyaona matunda ya akili yangu mapema. Nimemfanyia.

Alhamisi, 10 Aprili

Kalia amekuja mezani kwangu na sinia lake. Mezani kwangu! Nilidhani amekosea. Akaketi. Akaniuliza kama tungesoma pamoja, kwao au kwetu, maana yeye peke yake husinzia.

Nikaushtukia mtego papo hapo. Anataka kunizamisha kwenye Aljebra ili nisifike mbali.

Nikafanya jambo la kijasusi. Nikakitoa mkobani kile kitabu cha Aljebra, nikampa. Nikamwambia akae nacho hadi siku ya mtihani, mimi sikihitaji hata kidogo. Apoteze wiki nzima humo! Akanitazama kana kwamba nimempa figo. Akasema, "Odette, jamani, wewe ni mtu poa sana, sikujua."

Karibu nimwonee huruma.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemaliza sura saba za pembetatu. Sasa ninazo kichwani kama nyimbo.

Wakati wa chakula Mama alitoa kwenye oveni sinia la nyama ya kusaga na viazi, akatukatia. Nikathibitisha kwa hatua sita kwamba kipande cha Britta ni kikubwa kuliko changu. Britta akathibitisha kwa hatua moja kwamba hajali. Akakila.

Baba, ambaye huendesha gari la kusafisha theluji barabarani, akauliza kwa upole kama barua ilitaja pembetatu popote pale. Nikamwambia si lazima kila kitu kitajwe. Baba akasema sawa, ila yeye alipofanya mtihani wa leseni ya gari kubwa walimuuliza juu ya gari kubwa. Nikatabasamu kwa uvumilivu. Hii ni fani nyingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtihani ulikuwa maktabani. Mimi, Kalia, na Mwalimu Eklund akinywa kahawa.

Swali la kwanza: Aljebra. La pili: Aljebra. Nikafunua kurasa zote haraka, nikatafuta pembetatu. Hakuna. Nikageuza karatasi nyuma. Hakuna! Hata duara! Nikainua mkono, nikauliza kwa sauti ndogo kama kuna karatasi ya pili. Mwalimu Eklund akanong'ona kwamba ipo hiyo hiyo tu.

Halafu nikaelewa. Wanapima ubunifu! Yeyote anaweza kutafuta x. Ni wachache wanaoweza kuiweka mahali pake. Nikachora pembetatu kando ya kila swali. Kwenye la tisa niliandika uthibitisho wa mistari kumi na mmoja kwamba pembe mbili ni sawa. Swali lenyewe halikuwa na pembe. Nilizileta mimi.

Kalia alimaliza mapema, akaanza kusoma katuni chini ya meza. Amekata tamaa, nikajisemea. Kitabu cha Aljebra kimemmaliza.

Jumanne, 22 Aprili

Kumi na moja.

Si makosa. Ni niliyopata. Kumi na moja kati ya arobaini. Kalia amepata thelathini na tisa.

Mwalimu Eklund aliniita kando. Akaniuliza kama nilikifungua kile kitabu. Nikasema nilimpa Kalia. Chote? Chote. Wiki nzima? Wiki nzima. Akavua miwani. Kisha akasema Aljebra si adhabu, na kwamba mtu mwenye kichwa kama changu ataifurahia. Akasema pia kwamba uthibitisho wangu wa swali la tisa ameupeleka chumba cha walimu na wameusoma wote kwa sauti.

Angalau nimetambuliwa.

Kalia alinikimbilia kwenye korido. Akanikumbatia, mbele za watu! Akasema bila kitabu changu asingefika popote. Nikasema karibu.

Jumatano, 23 Aprili

Bado kuna njia! Bi. Pruitt amenitajia, kwa kusitasita sana, kwamba ipo fomu. Mzazi akitia sahihi, mtoto anaingia Jiometri hata kama mtihani umemkataa. Ila mtoto akilemewa, hakuna kurudi nyuma hadi mwaka uishe.

Mama anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa macho, na kila jioni hutia sahihi makaratasi yetu huku akizungumza kwenye simu. Nikaiweka fomu katikati, chini ya ruhusa ya safari ya makumbusho. Safi kabisa.

Mama akakata simu. Akaisoma fomu yote, hata maandishi madogo ambayo yeye mwenyewe huwaambia wagonjwa wasiyasome. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nini?" Nikamweleza. Akasema basi nimjibu kitu kimoja. Gari la Baba limebeba tani ishirini za mchanga na chumvi. Mchanga ni mara tatu ya chumvi. Chumvi ni tani ngapi?

Nikaomba karatasi. Nikaanza na pembetatu.

"Tano," alisema Baba kutoka kwenye kochi, hata hakugeuka.

Nikapinga kwamba Baba amebeba chumvi hiyo miaka kumi na tano, huo si ushindani wa haki. Britta akauliza kama pembetatu yangu nayo ilikuwa na chumvi. Mama akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye droo ya betri zilizokufa. Akasema atasaini siku nitakayoweza kumwambia kwa nini nina haraka hivyo.

Ningesemaje? Kwamba kwenye lile basi watu wanaongea?

Jumatatu, 28 Aprili

Habari ya ajabu. Kalia amelikataa basi! Linaondoka saa kumi na mbili na nusu, na yeye anasema hakuna pembetatu duniani inayostahili kuamkiwa saa hizo. Atabaki hapa na kusoma Aljebra ya kawaida na sisi wengine, yeye aliyepata thelathini na tisa.

Ameniambia mwenyewe, mezani kwangu, ambako sasa anakula kila siku. Amesema mwakani tukae dawati la pamoja. Halafu akanialika kwao Jumamosi. Mama yake atapika tambi za mchuzi, na tutakaa tu, tupige soga, tucheke. Amesema "tucheke" kabisa.

Nimemshukuru na kumwambia haitawezekana.

Jumamosi nina shughuli. Bi. Pruitt amesema mwakani upo mtihani mwingine, wa kuruka Jiometri yenyewe. Ukipita, kuna basi lingine, la kwenda chuo, na nasikia humo abiria ni wawili tu, na wanaelewana sana. Nimeshaazima kitabu cha kile kinachofundishwa baada ya Jiometri. Kina kurasa mia nane. Sijaelewa hata ya kwanza, jambo ambalo ni dalili nzuri.

Maskini Kalia. Atakosa mtu wa kuongea naye.