Ya Mezani na ya Kupakata

Transfoma ya Makina, katikati ya Kibera, ilipolipuka Jumapili moja ya mwaka wa tisini na tisa, Kibera ilisikitika. Wenye buchari walililia nyama, vinyozi wakafunga milango, na mishumaa ikapanda bei kabla moshi haujatulia. Mtu mmoja tu ndiye aliyefurahi, naye hata hakuishi Kibera.

Wekulo alizipata habari hizo kesho yake huko Kawangware, kwenye kibanda cha Ndinda, mdomo wake umejaa chapati. Akaacha kutafuna.

"Watakaa bila stima mpaka lini?"

"Wengine wanasema wiki, wengine mwezi," Ndinda akajibu, akigeuza chapati nyingine kwa vidole. "Kwani una jamaa huko?"

"Bado. Lakini kufikia jioni nitakuwa nao."

Lazima ielezwe hapa kwamba chini ya kitanda cha Wekulo kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa ya mezani, skrini kama kichwa cha ng'ombe na sanduku zito la kuvunja kiuno. Ya pili ilikuwa laptop, nyembamba kwa kadiri ya siku zile, yaani unene wa Biblia mbili. Alizipata kwa mlinzi wa ofisi fulani ya Hurlingham iliyokuwa ikihama, na ofisi hiyo haikuzitupa kwa maringo. Ile ya mezani ilikuwa imetolewa matumbo yote, ikaachiwa feni. Laptop ilikuwa na matumbo yake kamili, ila roho ilikuwa imeshatoka. Wekulo alizipangusa, akazipaka mafuta ya mgando, zikang'aa kama maiti ya tajiri.

Tatizo lilikuwa moja. Kila mnunuzi aliyemwendea alisema, "Hebu tuiwashe kwanza." Dunia imejaa watu wasio na imani. Sasa Mungu, kwa njia zake, alikuwa ameandaa mtaa mzima ambao hakuna wa kuwasha kitu.

Aliinuka, akajipangusa makombo kwenye tai. Ndinda akamtazama. Alikuwa mwanamke wa mikono mipana na maneno machache, na Wekulo alimpenda kwa dhati. Hilo tu ndilo jambo maishani mwake ambalo halikuwa na ujanja ndani. Lakini kila alipomtajia ndoa, jibu lilikuwa lile lile: "Wekulo, miaka yote hii nimekusikia. Siku moja nataka nikuone."

"Leo utaniona," akamwambia, akaenda kukodi mkokoteni.

Kwa nini abebe kompyuta zote mbili, na kilima cha Woodley kilichoko njiani anakijua? Hapo ndipo ilipo elimu. Ukimwonyesha mtu kitu kimoja, atajiuliza, "Je, ninunue?" Ukimwonyesha viwili, atajiuliza, "Ninunue kipi?" Na mtu akishaanza kuchagua hakumbuki tena kukagua. Wekulo hakufundishwa hilo na mwalimu yeyote. Alizaliwa nalo, kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba.

Huko Makina aliuliza nyumba ya watu wenye uwezo, akaonyeshwa lango la kijani karibu na msikiti. Alibisha hodi.

"Salaam aleikum!" akasema kwa sauti ya unyenyekevu. Yeye ni Mkristo, hasa siku za Krismasi.

"Aleikum salaam," akajibu mama mmoja mnene mwenye mtandio wa manjano. "Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Nimeleta maendeleo. Nikaambiwa Makina nzima, mwenye macho ya kuyaona maendeleo ni wewe."

Mama akacheka, akamkaribisha ndani. Jina lake Bakhita, akasema, na yule bwana mwenye kofia na kitambi aliyeketi kwenye kochi ni kaka yake, Abdelrahim. Nyumba ni yao, na wapangaji ni wao, hadi kule Kambi Muru. Bakhita alitaka kumtengenezea mgeni chai, akafungua kabati la kwanza kutafuta sukari, akafungua la pili, akaipata katika la tatu. Wekulo aliguswa. Nyumba ambayo mwenyewe hajui mali yake iko kabati gani, hiyo ndiyo nyumba! Na pembeni, ndefu kumshinda Abdelrahim, nyeupe pe, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, ilisimama friji.

Wekulo alizipanga kompyuta zake juu ya meza, akakohoa.

"Hii ni ya mezani. Hii nyingine ni laptop, kwa Kiswahili ya kupakata, kwa maana unaiweka mapajani kama mtoto. Sasa swali ni moja tu, wazee wangu: ninyi ni watu wa ipi?"

Abdelrahim hakukawia. "Ya kupakata! Bakhita, hii ina betri. Stima ikipotea kama sasa, sisi tunaendelea."

"Unaendelea wapi na mashine ndogo hivi?" Bakhita akadakia. "Tunataka kufungua chuo. Wanafunzi thelathini watakaa mapajani mwa nani?"

"Na moto ukizuka? Hii nitaibeba nikimbie nayo."

"Na mwizi je? Yeye hana miguu? Kitu unachoweza kukimbia nacho wewe na kitambi hicho, mwizi atafika nacho Tanzania."

"Mzee amesema ukweli," Wekulo akaingilia. "Na mama naye amesema ukweli zaidi. Ya kupakata inakufuata. Ya mezani inakungoja. Ni kama mke na..." Alimwona Bakhita akiinua nyusi. "Ni kama viatu na nyumba."

"Ya mezani ikiharibika?" akauliza Bakhita.

"Unabadilisha kipande kimoja kimoja. Ndani kuna nafasi kubwa sana, mama. Sijawahi kuona kompyuta yenye nafasi kubwa hivi."

Hilo, kama tujuavyo, lilikuwa kweli tupu. Wekulo hakupenda kudanganya mahali ambapo ukweli ungetosha.

"Nasikia kuna virusi," Abdelrahim akasema kwa wasiwasi.

"Hizi haziwezi kuugua, mzee."

"Na hii habari ya mwaka wa elfu mbili? Redioni wanasema kompyuta zote zitakufa mwaka ukigeuka."

Wekulo aliweka mkono kifuani. "Za wengine, labda. Hizi mbili nakuapia, mwaka wa elfu mbili utazikuta vile vile zilivyo leo. Hakutakuwa na tofauti hata chembe."

Ndugu wale waligombana mpaka chai ikapoa. Abdelrahim aliikumbatia laptop, Bakhita akaegemea skrini. Mmoja alitaja heshima ya kuonekana nayo barazani, mwingine akataja uzito wa kitu cha kweli. Wekulo aliyumba katikati yao kama tawi, akikubaliana na kila upande. Mwishowe Bakhita akapiga makofi.

"Basi! Tunachukua zote mbili. Ila pesa taslimu hatuna, mwanangu. Kodi huja mwisho wa mwezi. Tazama humu ndani, chochote unachokipenda kwa thamani hiyo."

Wekulo aliangalia kochi. Akaangalia saa ya ukutani. Akajifanya hajaiona friji, halafu akajifanya ameiona kwa bahati mbaya.

"Hiyo?" Abdelrahim akashika kichwa. "Dada, hapana! Friji ya marehemu mama!"

"Mama angetaka tusome," Bakhita akasema, akifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamsogelea Wekulo. "Ila ukiulizwa njiani, sema unaipeleka kwa fundi. Majirani wa hapa wana maneno."

Watu wenye mali, Wekulo akawaza, hata aibu zao ni za kistaarabu. Alimwambia kila jirani kwamba yeye ni fundi, akajitambulisha hata kwa jina, akavuta mkokoteni wake hadi barabara ya Ngong huku akiimba.

Alipofika Dagoretti Corner wimbo ukamkatikia kooni. Nani alikuwa amesema kwamba friji ile inafanya kazi? Hakukuwa na stima. Yeye mwenyewe alikuwa amechagua siku isiyo na stima! Akaifungua mlango, akachungulia, akaugonga ubavu wake kama anayenunua tikiti maji. Jasho la safari lilikuwa moto. Lililomtoka sasa lilikuwa baridi.

Pale kibandani Ndinda alitoka nje, akaitazama friji, kisha akamtazama Wekulo. Walivuta waya kutoka kwa kinyozi wa jirani. Wekulo akafumba macho, akachomeka.

Friji ikanguruma taratibu, ngurumo ya mtu aliyeshiba. Ndinda akaweka mkono ndani, akangoja, akangoja tena. Kisha akautoa na kuugusisha shavuni mwa Wekulo. Ulikuwa wa baridi.

"Wekulo," akasema polepole. "Leo nimekuona."

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Kawangware ilikuwa na jua kali, na soda baridi ya Ndinda ikawa habari ya mtaa. Wekulo alikaa kwenye kiti nje, tai shingoni, akiwapokea wateja kama mwenye hoteli. Usingizi wake ulikuwa mzito. Hata alianza kuwasema vibaya vijana wasiopenda kufanya kazi.

Kisha, mchana mmoja, akaja mama mrefu mwenye mtandio mweusi, na nyuma yake vijana wawili wenye shingo fupi.

"Karibu mama!" Wekulo akainuka. "Soda baridi."

"Nimeona," akasema yule mama. "Soda ni yenu. Baridi ni yangu."

Watu wakaacha kunywa.

"Naitwa Sabah. Nilikwenda Mombasa kwenye harusi, nyumba nikawaachia wapangaji wangu wawili wa chumba cha nyuma waitazame. Nimerudi, friji hakuna na wao hakuna. Nimeuliza njia nzima kutoka Makina, 'Mmeiona friji?' Kila mtu ananyoosha kidole tu. Mwanaume mwenye tai anayevuta friji akiimba haonekani kila siku."

Wekulo alikalia kiti, kiti kikamkosa, akakalia kreti.

"Bakhita," akasema. "Na kaka yake."

"Kaka? Ni mumewe. Wameshaondoka na kompyuta zao mbili. Wamewaambia majirani wanakwenda Nakuru kufungua chuo."

Kwa muda mfupi Wekulo aliona nuru ndogo moyoni. Aliwawazia wale wawili huko Nakuru wakichomeka ile ya mezani, wakisikiliza feni. Ilikuwa furaha kubwa, na haikuwa na mtu wa kugawana naye.

"Mama, mimi nilibadilishana nao kwa haki," akasema, akijikusanya. "Kompyuta mbili kwa friji moja. Hata mimi nimeibiwa!"

"Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima?" Sabah akauliza.

Swali hilo lilikuwa jembamba, na pande zote mbili lilikuwa na makali. Wekulo alifungua mdomo. Mkono ukakaza fundo la tai.

Ndinda alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. "Wekulo. Ziliwaka?"

Angeweza kumdanganya Sabah, na angeweza kuwadanganya wale wenye shingo fupi. Alimtazama Ndinda.

"Feni," akasema kwa sauti ndogo. "Moja tu. Na hiyo yenyewe sina hakika."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa kinyozi. Sabah akawaashiria vijana wake, nao wakaikumbatia friji huku na huku. Ndinda alimpita Wekulo. Alichukua soda moja, akaifungua, akaweka chapati mbili za moto kwenye sahani, akamvutia Sabah kiti kile kile cha mwenye hoteli.

"Kaa kwanza, mama. Umetembea na jua. Makina stima imerudi?"

"Bado. Wanasema mwezi ujao."

"Kwa hiyo ukiirudisha leo itakuwa kabati."

Sabah alikula chapati. Aliwatazama wateja waliokuwa wameshika chupa tupu, hawataki kuondoka. Akamtazama Ndinda kwa jicho jingine kabisa.

"Unauza kreti ngapi kwa siku?"

"Nikipata mtu wa kunibebea, nne."

Walizungumza kwa sauti ya chini, vichwa karibu karibu, kama watu waliosoma pamoja. Wekulo alijaribu kusogea mara mbili. Mara zote mbili kijana mwenye shingo fupi alikohoa. Mwishowe wanawake wale wakapeana mikono. Friji ingebaki Kawangware, kibanda ni cha Ndinda, baridi ni ya Sabah, faida ya soda nusu kwa nusu.

"Na huyu?" Sabah akauliza, akimwonyesha Wekulo kwa chupa. "Huyu tumpeleke polisi?"

Ndinda alimtazama Wekulo kama anayepima unga kwa macho.

"Huyu ana mabega," akasema. "Hayajatumika sana, ni kama mapya. Niachie."

Ndiyo sababu wiki ile na wiki zilizofuata watu wa Kawangware walimwona Wekulo, bila koti wala tai, akipanda na kushuka na kreti kichwani tangu asubuhi. Aliugua kiuno, kisha akazoea. Jumamosi moja, baada ya kreti ya nne, aliinamia friji, akachomoa chupa moja ya soda iliyofunikwa na ukungu wa baridi.

Ndinda akampiga kofi mkononi.

"Hiyo ni ya kuuza." Akamsogezea kikombe cha maji ya mtungi, akasubiri anywe yote. "Na ile habari yako ya ndoa, nimeongea na mama yangu. Anasema uje Machakos Krismasi akuone. Ila usiseme kitu, Wekulo. Kaa tu hapo, akuone."