Kuhusu Unene wa Herufi za Kibao cha Duka Letu

Duka la Kijiji,
Buseresere,
11 Mei 1983.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa. Mimi muuza duka wako ninaleta malalamiko dhidi ya herufi.

Unakikumbuka kibao chetu cha zamani, SABUNI IPO. Herufi zake zilikuwa na vimikia, mahali zinanenepa, mahali zinakonda, kama mwandiko wa padri. Zilisema kwa sauti ndogo, na kila mtu alielewa maana yake: labda. Mwezi uliopita ukamwagiza fundi Ignas akipake upya. Maneno ni yaleyale, na sabuni ni ileile isiyokuwapo. Lakini sasa:

1. Herufi hazina mkia wala kiatu. O imechorwa kwa kuzungushia sahani yangu ya bati, I ni gogo lililosimama, A ni paa la ghala. Unene ni mmoja toka juu hadi chini. Jicho halipati pa kupumzika, wala shaka haipati pa kuingilia.

2. Watu wanaziamini kuliko mimi. Nilimwapia jirani yangu Mama Limi kwamba sabuni haijaletwa. Akakitazama kibao, akanitazama mimi, akasema, "Baba Klara, kati yenu wawili anayetetemeka ni wewe."

3. Darasa la watu wazima limehamia barazani kwangu, maana hizi ndizo herufi wanazoziona bila miwani. Mzee Jilala sasa anasoma kibao kizima bila kukwama, kwa sauti, kila asubuhi. Kisha ananyoosha mkono: "Ng'wanawane, mwanangu, nimesoma. Nipe."

4. Zinasomeka toka barabara ya Biharamulo. Lori la wachimba dhahabu lilisimama, wakashuka wana tope mpaka kwenye kope, wakavua mashati kabisa. Nilipowaambia hakuna, wakaniita mlanguzi. Kesho yake mgambo waliinua godoro langu. Unajua mwaka huu walanguzi wanapelekwa wapi.

5. Mke wangu Mektilda amepekua sanduku langu, hakuona kitu, akahamia kwa dada yake mpaka nitakapomtaja mwanamke anayeogea hiyo sabuni.

6. Tarehe 9, kama nilivyoandika katika shajara yangu, nilipita chini ya kibao, nikakisoma, nikaingia stoo kutazama.

Kwa hiyo naomba kwa heshima herufi zipunguzwe unene mpaka zilingane na mali iliyomo dukani. Najua hazitaonekana.

Wajumbe wote wa kamati nawasalimu, na mama wa nyumbani kwako, na wale mgambo pia. Godoro walilirudisha vizuri.

Ni mimi, nisiye na kitu chini ya kitanda,
Theonest Maige

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimwomba Ignas achukue rangi iliyobaki, na sahani yangu ileile, aandike juu ya mlango wa nyumba yangu: THEONEST HANA SABUNI. Mama Limi amesoma, akasema, "Maskini, kumbe kweli!" Mgambo wamepita bila kuingia. Mektilda amerudi na mzigo wake. Tafadhali, herufi za duka zisiguswe. Ila O yangu naona imetoka nyembamba kidogo. Naomba niongezewe rangi.