Malalamiko Kuhusu Maganda Matupu na Ufunguo Ulio Shingoni mwa Bibi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Klabu ya Shabaha ya Tandy Fork,
Oklahoma.

Mjomba Royce,

Pokea heshima zangu zote. Najua Jumapili tulikaa benchi moja kanisani na ningeweza kukunong'oneza, lakini jambo hili ni la kiofisi, na mimi ni mtu wa taratibu.

Kama ujuavyo, mwezi huu nimetimiza umri wa kununua bastola, na tayari nimejinunulia rivolva yangu ya kwanza. Ni ya mazoezi ya shabaha, na ya kumlinda Bibi, mama yako mzazi, ambaye ameibiwa msumeno wa injini ghalani. Lakini hadi leo rivolva imefungiwa kwenye sanduku la chuma chumbani kwangu, na ufunguo unaning'inia shingoni mwa Bibi. Siku ya mazoezi hufungua yeye mwenyewe, lakini amesema ufunguo hautoki hapo mpaka mwalimu wa uwanja wako, Bi Oleta Crump, atamke kwamba mkono wangu umetulia. Bi Oleta amekataa kutamka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu dukani. Siku ya kuchagua, wazee wanaokunywa kahawa ya bure pale kwa Harlan, muuza bunduki, walinizunguka kana kwamba nachagua mke. Harlan akaniwekea mezani dude zito, mtutu mrefu, akasema, "Kijana, anza na hii. Uzito wake unameza teke la risasi. Tia risasi hafifu, jifunze polepole. Hata bibi yako ataiweza."

Hata bibi yangu! Ananiambia hivyo mimi, Colby Stancil, niliyembeba kulungu peke yangu kutoka bondeni! (Alikuwa mdogo, lakini alikuwa kulungu.) Nikachagua ile ndogo kuliko zote, nyepesi kama simu, inayokula risasi kali kuliko zote. Hesabu yake ni rahisi: nguvu nyingi, mzigo kidogo. Wazee wakatazamana, wakainamia vikombe vyao. Nilidhani ni heshima.

2. Kuhusu risasi ya kwanza. Sikatai kwamba rivolva iliruka ikanivua kofia, ila kofia yenyewe ilikuwa imelegea. Na kama karatasi ya shabaha haikuguswa, ni kwa sababu ya upepo. Bi Oleta akasema hakuna upepo. Mtu aliyeendesha basi la shule maisha yake yote, madirisha yamefungwa, atajulia wapi upepo?

3. Hapa ndipo penye uchungu. Bi Oleta aliichukua rivolva, akanipa mgongo, akajaza silinda, akanirudishia. "Haya, baba, piga taratibu." Kumbe amechanganya risasi nzima na maganda matupu ya risasi zilizokwisha kupigwa, makusudi, bila kuniambia kipi kiko wapi! Nikavuta triga, ikalia tak, basi. Hakuna mlio, hakuna teke. Na mtutu wangu ukainama wenyewe mbele ya kadamnasi, kama kuku anayedonoa mahindi.

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Jamani, huyu anawinda minyoo!" Mwenzake akadakia, "Mwache apige, kesho tunaenda kuvua, chambo hatuna."

Bi Oleta hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Unauogopa mlio kabla haujaja, mwanangu. Risasi haina kosa. Wewe unakosa kabla haijatoka." Mjomba, huu ni utapeli. Mtu akivuta triga ana haki ya kupata mlio. Naomba klabu ipige marufuku maganda matupu mara moja.

4. Nilidai naye apimwe. Nikamjazia mimi mwenyewe, kwa hila zangu zote. Akavuta penye ganda tupu huku anatafuna karanga, na mtutu haukutikisika hata chembe. Sasa nakuuliza wewe kiongozi: mtu asiyeshtuka na bastola, atashtuka na nini? Mwizi akiingia si atamkaribisha kahawa? Anayeshtuka ndiye aliye macho. Mimi nashtuka hata kabla jambo halijatokea, kwa hiyo hakuna mlinzi wa kunishinda katika kaunti hii. Hilo halihitaji shule.

5. Karatasi zenu ni nyembamba mno. Mwizi wa kweli ana tumbo. Tena mmezitundika mbali, wakati jikoni kwa Bibi mimi na mwizi tutakuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi. Hata mtutu ukiinama nitampata kidole cha mguu, na mwizi anayechechemea hafiki mbali na msumeno wa watu.

6. Bibi amesema nikishindwa tena atamleta binamu Darrell alale chumba cha mbele badala yangu. Darrell! Yule anayeogopa bata mzinga!

Kwa hiyo naomba Bi Oleta aondolewe, maganda yazikwe, na wewe, kama mwenyekiti na kama mtoto wa Bibi, umwamuru anipe ufunguo. Najua hujawahi kumwamuru Bibi lolote tangu uzaliwe. Anza na hili.

Nisalimie Anti Wynell na watoto, na wazee wote wa benchi la nyuma, isipokuwa yule wa minyoo.

Ni mimi mpwa wako mtiifu ninayeonewa,
Colby Stancil,
Mlinzi (asiye na ufunguo).

Baada ya sahihi: Jana alasiri, natafuta bahasha ya barua hii, nikasikia kitasa cha mlango wa jikoni kinazungushwa. Hakubisha hodi mtu. Nikamkimbilia Bibi: "Ufunguo! Bibi, ufunguo, haraka!" Bibi akaufumbata kifuani. "Kaa chini wewe. Kwanza uliza ni nani." Nikauliza, sauti ikanitoka kama ya mbuzi. Nawe, Mjomba, ukajibu kwamba umefuata ile pai ya njugu za pekani iliyobaki.

Ulipokuwa unakula uliniuliza mbona sigusi pai, nikakwambia tumbo. Tumbo lilikuwa zima, Mjomba. Ningekuwa na ufunguo ule, barua hii leo ningeiandika kwa mwenyekiti mpya, na sidhani kama angeweza kuusoma mwandiko wangu.

Basi Bi Oleta abaki. Maganda ayaongeze, hata silinda nzima. Jumamosi nitakuwa wa kwanza kufika uwanjani. Bibi hajui kama nimekwambia haya, usimwambie. Na wewe, tafadhali sana, uwe unapiga hodi.