Meno Yangu na Mwanga Usiochoma

Jumatatu, 4 Machi

Fundi wa meno, huna haya! Nimekuagiza meno ya bandia, umeniundia filimbi. Nikisema "salama" tu, mluzi. Ufizi nao umechubuka. Nimerudi kwake leo, kasema nivumilie, yatazoea. Yatazoea! Kwani ni mbuzi wa kufugwa?

Na Jumamosi wakwe wanakuja kumposa mjukuu wangu, msemaji wa upande wetu ni mimi. Bibi yao ana mdomo kama cherehani. Nikipiga mluzi mbele yake, nitachekwa hadi kaburini.

Jumanne, 5 Machi

Mjukuu huyohuyo anayeposwa kanieleza tena kazi yake. Leo nimesikiliza. Karakana yao ina mashine ya leza, inakata kwa mwanga. Pigo lake fupi mno: kipande kimeshang'oka kabla joto halijasambaa. Haiunguzi, haiyeyushi. Chuma, kioo, plastiki, inakwangua kidogo kuliko unene wa unywele.

Nikamwuliza, na meno je? Kasema hapana, Bibi, mashine ile ni ya vichujio vya hospitali. Hapana! Mtoto niliyemfuta kamasi!

Haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitainama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingia karakana na birika la chai, eti nimemletea mjukuu. Wamenivika kofia ya nailoni, nikafanana na mkate wa dukani. Mjukuu yuko mkutanoni. Vizuri!

Mwenzake, kijana wanayemwita Miwani, nikamwomba anikwangulie meno kwa ndani, unene wa unywele mmoja tu. Kagoma. Nikamwuliza kama mama yake anajua amezaa jiwe. Akalainika. Kayabana meno mashineni, kafunga kifuniko, kaenda kumwuliza mjukuu vipimo. Mtu mzima na ndevu zake anaomba ruhusa! Kitufe cha kijani kinawaka. Nikabonyeza.

Kumbe mashine bado ina kazi ya asubuhi: kutoboa vichujio. Imetoboa! Meno ya mbele yote vitundu, safu kwa safu. Sisemi uongo, vitundu safi, hakuna ufa, hakuna alama ya moto. Kazi nzuri, mahali pabaya.

Mkubwa wao kampa mjukuu onyo. Mjukuu hasemi nami. Alaumiwe Miwani, nani aliyemtuma aondoke?

Jumamosi, 9 Machi

Wakwe wamefika. Mjukuu kaninong'oneza nikae kimya, mjomba wake aseme. Mimi, kimya kama mtungi! Nikasimama, nikasalimia.

Zamani mluzi mmoja. Sasa kwaya nzima.

Posa inaharibika, naiona kwa macho yangu. Bibi yao kainama, mabega yanatikisika. Nikajua ananicheka, nikatafuta tusi. La! Alikuwa anahangaika kung'oa meno yake. Akayaweka kwenye kisahani cha chai, akasema kwa ufizi kwamba yanamuua tangu mwaka jana, mkwe mwenzangu vua nawe tuongee kama watu.

Nikavua. Tumejadili posa kwa ufizi mtupu. Hakuna aliyetuelewa, wote wakaitikia ndiyo. Imepita!

Nilijua tangu mwanzo ile mashine ina baraka.

Mjukuu, acha kununa. Meno ya mkwe nimeyafunga kwenye leso. Jumatatu yapeleke kazini, na uanze na ya juu.