Suti ya Kinyozi na Boti ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Kinyozi amepata viti viwili kwenye boti ya machweo. Jumamosi hii. Chakula cha jioni, bendi, jua linazama ziwani, na watu wawili meza moja. Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa nimechutama nyuma ya magunia ya unga dukani kwa Bibie wa Mikate. (Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilifunga kwa muda mrefu kidogo.) Kinyozi alimwambia Bibie avae apendeze, maana jioni hiyo hataisahau. Bibie akacheka.

Kicheko kile! Nakisubiri tangu alipofungua duka ubavuni mwa duka langu la ushonaji. Kila asubuhi naingia, nanunua mkate mmoja mrefu, nasema "Habari za asubuhi", natoka. Mambo mazuri hayataki haraka. Nilikuwa karibu kabisa kuongeza neno la pili.

Sasa huyu bwana kahamia mtaani juzijuzi, na manukato yake yanayofika kabla yake, anataka kuvuna asichopanda. Siku yake ya kwanza tu nilimwona akiingia jikoni kwa Bibie bila hodi, akatoka anatafuna. Tangu hapo sijakanyaga kibandani kwake. Nywele najikata mwenyewe kwa mkasi wa nguo. Shangazi, ninayeishi naye, anasema kichwa changu ni kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Shangazi haelewi maana ya msimamo.

Akimposa Bibie kwenye boti ile, mimi nimekwisha. Lazima niwemo. Nimekwenda kuulizia kiti. Viti vimejaa.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu si Athumani! Meneja wa boti ile ile, ambaye mapazia yake na vitambaa vyake vya meza ninavimalizia, leo kaja kuongeza mashati ya wahudumu. Yote yawe tayari Jumamosi. Nikamshauri tutumie jora lile lile la maua ya chungwa, ili kila kitu kifanane. Alikubali bila kuangalia, alikuwa anagombana na mtu kwenye simu.

Hapo wazo likanijia. Nitashona shati moja la ziada. La kwangu. Jumamosi nitapanda botini kama fundi aliyekuja kuwajaribisha wahudumu mashati yao, na boti ikiondoka, nimo. Nitasimama pembeni ya meza yao. Kinyozi akifungua tu kinywa kuposa, namwaga mchuzi.

Alasiri, nani kaingia dukani? Adui mwenyewe! Anataka suti ya Jumamosi. Nikachukua futi nimpime. Akakataa. Akasema hakuna haja, sisi tunalingana, nijipime mwenyewe na nishone kama najishonea. Tunalingana! Ananipita kichwa kizima! Lakini mteja ni mfalme. Akitaka suruali imwache vifundo nje, shauri yake. Kisha akaniuliza, ingekuwa mimi ningependa rangi gani. Nikamjibu kijivu. Akachagua kijivu. Mtu mzima hana hata rangi yake mwenyewe.

Kabla ya kutoka alikitazama kichwa changu, akashusha pumzi. Wivu.

Alhamisi, 7 Agosti

Suti imekwisha. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi. Nimeivaa mbele ya kioo, kwa ajili ya ukaguzi tu. Shangazi kachungulia mlangoni, akasema nimependeza kama marehemu baba yangu siku ya harusi yake. Nikamwambia ni ya Kinyozi. Akaziba mdomo kwa kiganja, akaondoka mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa anamlilia kaka yake.

Halafu shetani akanikalia begani, na mimi nikamkaribisha. Mshono wa nyuma wa suruali, ule unaobeba heshima yote ya mwanamume, nimeufumua. Sikuurudishia cherehani. Nimepiga bandi tu, yaani ule mshono wa muda ambao fundi hushikizia nguo kabla ya kazi yenyewe. Bandi inavumilia kukaa. Inavumilia kutembea na kusalimia watu. Kucheza muziki haivumilii. Na Kinyozi, kila redio ikilia, hucheza na kiti chake cha kunyolea.

Nimecheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma. Sikujali.

Ijumaa, 8 Agosti

Kinyozi kaichukua suti. Hata hakuijaribu. Alinikumbatia, akaniambia mkono wangu una baraka. Moyo ulinigusa kidogo. Ukapita.

Manukato yake yakanibaki kifuani. Nilipokwenda kununua mkate, Bibie akasema leo nanukia vizuri. Kanisemesha! Kisha akaniuliza, akiwa ameinamia droo, kama kesho jioni nina kazi. Nikamjibu nina shughuli nyingi, nyingi mno, sijui hata nianzie wapi. Akaifunga droo. Nadhani aliona sasa mimi ni mtu wa maana. Nilitoka nimesahau mkate.

Kikwazo kimezuka nyumbani. Shangazi anataka kesho jioni nimsindikize kumwona ndugu yetu mgonjwa, karibu na gati. Nioge vizuri, anasema. Nivae shati safi. Nimemuuliza ni ndugu gani. Amesema nitamjua nikifika. Hili halikubaliki. Kesho nitaumwa tumbo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeumwa tumbo kwa ustadi mkubwa. Mno, maana Shangazi kanikorogea dawa chungu, na sasa linauma kweli. Alisimama mlangoni akinibembeleza niamke, mwanangu, hata kwa saa moja tu. Nikagumia. Akatoka karibu anakimbia, machozi yakimlengalenga. Yote hayo kwa mgonjwa asiye na jina!

Naandika haraka. Shati la maua nimelivaa ndani ya koti. Natoka kwa dirisha. Kinyozi, siku yako imefika!

Jumapili, 10 Agosti

Nianzie wapi?

Kupanda botini ilikuwa rahisi. Taabu ilianza kwa mkuu wa wahudumu, mama mmoja mwenye sauti ya king'ora. Nilimweleza mimi ni fundi tu. Akasema siku ya kwanza kila mtu ana kisingizio, akanitwika sinia. Ndipo nikaona matunda ya ushauri wangu. Mapazia maua ya chungwa. Meza maua ya chungwa. Sisi wahudumu, maua ya chungwa. Ukisimama penye dirisha, umepotea. Mgeni mmoja alifuta mikono begani kwangu, akaomba radhi aliponiona napumua. Kwa kujificha, lakini, hakuna shati bora zaidi duniani.

Wakaja. Bibie gauni la buluu. Sitaandika zaidi kuhusu gauni, nitashindwa kumaliza ukurasa. Kinyozi, nguo zake za kazini! Suti kaibeba kwenye mfuko. Akauweka juu ya kiti cha pili, akamnong'oneza Bibie, akatazama gati, akatazama saa, akashuka mbio. Honi ikalia. Boti ikang'oka. Kinyozi kabaki nchi kavu anapunga mikono, na kando yake, sikuamini macho yangu, Shangazi! Shangazi na adui, bega kwa bega. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwanza nilifurahi. Kamtelekeza! Jua likaanza kushuka, ziwa zima likageuka dhahabu, kila meza watu wawili wawili, isipokuwa ya Bibie. Alikuwa anatazama gati linavyokuwa dogo. Kisha akafuta jicho kwa kidole. Furaha yangu yote ikaniishia. Nilitamani hata Kinyozi angekuwepo, mradi yeye asilie.

Nikampelekea supu, uso nimeugeuzia pazia. Akasema bila kuinua kichwa:

"Fundi, futi iko shingoni mwako."

Kweli! Futi! Naivaa toka asubuhi mpaka kulala, siihisi tena, kama masikio yangu.

Akaniuliza tumbo limepona lini. Nikasema sasa hivi. Akauondoa mfuko kitini.

"Kaa. Kiti hiki ni chako tangu Jumatatu."

Akanieleza yote, mimi supu mkononi. Kinyozi ni kaka yake. Tumbo moja, baba mmoja, na mtaa mzima unajua. Kinyozi mwenyewe aliniambia siku aliyohamia, lakini nilikuwa nimeshughulika kununa. Viti viwili ni mpango wa Bibie, aliyechoka na "Habari za asubuhi". Shangazi alikuwa anilete mimi gatini. Mgonjwa ni mimi! Na suti ni zawadi yangu kutoka kwao wawili. Walinipa niishone mwenyewe kwa sababu angeishona fundi mwingine, ningenuna mwaka mzima.

Akanikabidhi mfuko, akaniambia nikavae. Bandi!

Nilivalia stoo ya vyombo. Ilinikaa! Nani anaujua mwili wangu kuliko mimi? Nikarudi kwa hatua fupi, nikakaa taratibu kama naketi juu ya mayai. Mkuu wa wahudumu alikuja kuuliza kwa nini mhudumu wake anakula kuku wa wageni. Bibie akamjibu huyu ni wake. Wake! Nilimeza mfupa.

Kisha bendi ikaanza. Bibie akasimama.

"Twende tukacheze."

Nikasema tumbo. Akakaa. Wimbo wa pili akasimama tena. Nikasema boti inayumba. Akakaa. Wimbo wa tatu hakusimama. Jua lilikuwa limebaki kipande kama kucha. Akaongea polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Fundi, kama hunitaki, niambie leo. Mimi nimengoja vya kutosha."

Suruali au Bibie. Sikuwa na la tatu. Nikasimama.

Mwanzo nilicheza kama nguzo, magoti yameshikana. Lakini alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kama mkate wa alfajiri, na gitaa likaniingia, na nikasahau. Nilisahau kila kitu. Nikazunguka mzunguko mmoja mzuri ambao babu zangu wangeusimulia.

Praaa!

Mpiga ngoma aliacha kupiga. Upepo wa ziwa ulinifikia mahali ambapo upepo haujawahi kufika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeingia kwa kurudi nyuma. Nikavuta kitambaa cha meza iliyokuwa karibu. Bibie akanizungushia kiunoni, akafunga fundo, akaniuliza ni nani aliyeshona suruali hii.

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yote. Bandi, dirisha, mchuzi niliopanga kuumwaga. Nilieleza mbele ya bendi na wageni wote, maana hakuna aliyekuwa anafanya jambo lingine. Nikajua nimempoteza.

Akacheka. Kile kile! Alicheka mpaka akaketi sakafuni, gauni la buluu na yote, na safari hii kicheko kilikuwa changu peke yangu. Nikiwa nimeshika kitambaa kwa mikono miwili, nikamuuliza kama naweza kupeleka posa kwao. Neno la pili, hatimaye! Lilitoka na mengine yote nyuma yake.

"Peleka. Lakini hila basi."

Nikaapa. Muziki ukarudi. Nikacheza na kitambaa changu cha maua, mzee wa meza ya jirani naye akajifunga chake ili nisione haya, kisha mkewe, kisha boti nzima, mpaka hapakuwa na meza iliyobaki na nguo. Mkuu wa wahudumu alipiga king'ora, halafu akajifunga pazia. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Gatini Shangazi alipiga vigelegele hata kabla ya kuambiwa. Kinyozi alipoiona suruali aliinama akashika magoti, nikadhani analia. Kumbe naye kicheko ni cha kwao.

Jumatano, 13 Agosti

Mimi sasa ni mtu mwingine. Nimetulia. Posa imepokelewa, Bibie ananichagulia mkate mwenyewe, na hila ni jambo la zamani.

Shemeji, yaani Kinyozi, juzi kaleta kitambaa cha suti ya kuvaa kwenye harusi yetu. Safari hii nimempima kweli. Mabega yale! Urefu ule! Na anavyocheza! Akiinua mikono siku hiyo, nani atamtazama bwana harusi? Naandika tu kama fundi, sina nia yoyote. Suruali sitaigusa. Suruali niliapia. Mabega sikuyataja. Nimepiga bandi ndogo tu kwapani, asiinue mikono kupita kiasi. Hii si hila, hii ni tahadhari.

Bibie kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni mapenzi.

Shemeji alipitia jioni kulijaribu koti. Akaugusa mshono wa kwapa, akauvuta uzi kidogo kwa vidole, akanitazama, akatabasamu. Kisha akaniahidi kwamba asubuhi ya harusi ataninyoa yeye mwenyewe, kama zawadi. Mimi nikae tu kitini, nifumbe macho, nimwamini. Nimemshukuru sana.

Maskini, moyo mweupe kama pamba. Hajashuku lolote.